RISASI NA SHABAHA: UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Mimi nami nimechukua kalamu yangu, si kwa nia ya kutunga shairi wala kuandika insha juu ya nidhamu, maana wa kuyafanya hayo wapo na wanayaweza kunishinda. Nimekuja na jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa filamu tu: risasi, na jinsi umbo lake linavyoifanya ipige pale ilipolengwa au ipotee.

Nilipolitaja jambo hili katika mkutano wa chama, wenzangu waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisema risasi ni mambo ya majambazi na polisi, hayafai katika jarida la shule. Kundi la pili, hasa magwiji wa fizikia wa Kidato cha Nne, lilicheka tu. Ati sayansi ya namna hiyo haisemeki kwa Kiswahili! Basi makala haya ni jibu langu kwa makundi yote mawili. Yasome hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe.

MCHEZO WENYEWE

Kuna mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki. Haupigwi mtu wala mnyama. Hupigwa karatasi au ubao wenye duara katikati. Ni mchezo wa zamani na wa heshima. Ulikuwemo katika Olimpiki ya kwanza ya kisasa kule Athens mwaka wa 1896. Hata Kenya, ilipokwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne mwaka wa 1956, ilikuwa na walenga shabaha katika kikosi chake.

Nchini Uingereza mkutano mkubwa wa walenga shabaha ulianza Wimbledon mwaka wa 1860. Malkia Victoria mwenyewe ndiye aliyefyatua risasi ya kwanza. Bunduki ilikuwa imefungwa imara juu ya kishikizo, naye akavuta kamba. Kutoka umbali wa yadi 400, risasi ilipiga karibu sentimita tatu tu kutoka katikati kabisa. Bunduki hiyo ilikuwa ya fundi aitwaye Joseph Whitworth, na risasi zake zilikuwa na pembe sita ubavuni, zikaingia barabara katika mtutu wenye pembe sita vilevile. Kwa hiyo tangu mwanzo wa mchezo huu, umbo lilikuwa ndilo jambo lenyewe. Mwaka wa 1890 mashindano yalihamia Bisley, na huko ndiko yaliko hadi leo. Umbali hufika yadi 1,000, yaani mita 914. Panga viwanja tisa vya kandanda kimoja nyuma ya kingine, halafu ulenge shabaha iliyo mwisho wa kiwanja cha tisa. Si mchezo!

NENO LENYEWE NA SEHEMU ZAKE

Sisi Waswahili tuna neno moja, risasi, na tunalitumia kwa vitu vitatu. Kwanza ni madini yenyewe, yale mazito ya rangi ya kijivu. Neno hilo tulilipata kutoka kwa Waarabu likiwa na maana hiyo. Pili ni kile kipande kinachoruka. Tatu ni kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki. Ili tusichanganyikiwe, hapa nitatumia 'kichwa' kwa kile kinachoruka peke yake.

Kitu kizima kina sehemu nne. Kuna ganda la shaba nyeupe, kama yale tunayoyasikia katika taarifa ya habari, "maganda ya risasi yaliokotwa". Kuna fataki ndogo iliyo kwenye kitako cha ganda, ambayo hugongwa ikatoa cheche. Kuna baruti ndani ya ganda. Na mdomoni mwa ganda kuna kichwa, ambacho aghalabu ni madini ya risasi yaliyovikwa koti jembamba la shaba.

Sasa, huko Uingereza, Marekani na kwingineko, walenga shabaha wengi hawanunui risasi zilizokwisha kuundwa. Huziunda wenyewe, moja moja, mezani nyumbani. Huokota maganda yao yaliyotumika, huyarudisha katika vipimo vyake, hutia fataki mpya, hupima baruti kwa mizani, kisha hukaza kichwa mdomoni. Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu siri ya shabaha ni ufanano. Risasi ya kumi ikiwa sawasawa na ya kwanza, zote kumi zitakwenda mahali pamoja. Baruti unaweza kuipima vizuri, na ganda unaweza kulichagua. Lakini kichwa ndicho kinachosafiri peke yake hewani, bila msaada wa mtu. Kikiwa na kasoro, kasoro hiyo kitakwenda nayo hadi mwisho wa safari.

TEZI NA OMO

Wazee wa pwani husema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo cha baharini, tezi ni ya nyuma, na ngama ni ndani chini. Nimeona hakuna maneno mazuri kuliko haya ya kukieleza kichwa cha risasi, maana nacho ni chombo kinachokata hewa kama vile jahazi linavyokata maji.

Hapo zamani kichwa kilikuwa goroli tu, duara kama gololi za kuchezea. Goroli ni zito lakini halina omo wala tezi, na hewa hulipunguza mwendo upesi. Mwaka wa 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alitoa kichwa kirefu chenye shimo kitakoni. Baruti ikiwaka, hewa moto ilikipanua kitako kikashika mifereji ya mtutu. Kutoka hapo vichwa virefu vikashika usukani.

Mwaka wa 1898 Wafaransa walipiga hatua nyingine. Walitoa kichwa chenye omo iliyochongoka na tezi iliyopunguzwa. Miaka michache baadaye Wajerumani nao wakachonga omo, na Wamarekani wakafuata mwaka wa 1906. Hawa wawili waliacha tezi ikiwa bapa.

Faida ya omo iliyochongoka ni rahisi kuona. Kichwa huondoka na kasi ya mita 800 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340. Kwa kasi hiyo hewa haipati nafasi ya kujitenga pole pole. Husukumwa kwa nguvu. Ncha kali huipasua kwa hasara ndogo.

Tezi nayo je? Hapa wengi hukosea wakidhani nyuma hakuna kazi. Kumbe kitu kinachokimbia huacha pengo nyuma yake, na pengo hilo hukivuta kirudi nyuma. Kitako kikiwa bapa, pengo ni kubwa. Kitako kikipunguzwa kidogo kama tezi ya mashua, pengo nalo hupungua.

UPEPO HAUNA HURUMA

Labda utaniuliza, mwendo kupungua kunahusiana nini na shabaha? Kunahusiana sana, na hesabu yake ni nzuri ajabu. Upepo wa ubavuni haukisukumi kichwa kwa kadiri ya muda wote kinaokaa hewani. Hukisukuma kwa kadiri ya muda kilioupoteza kwa sababu ya hewa.

Tufanye hesabu. Mita 914 kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde, kama hakungekuwa na hewa, ni sekunde 1.14. Tuseme kichwa cha kwanza kinafika baada ya sekunde 1.6. Kimepoteza sekunde 0.46. Upepo wa ubavuni wa mita 4 kwa sekunde utakipeleka pembeni mita 0.46 × 4, yaani kama mita 1.84. Tuseme cha pili kina umbo bora na kinafika baada ya sekunde 1.5. Kimepoteza sekunde 0.36, na kitakwenda pembeni mita 1.44. Tofauti ni sentimita 40, na mlengaji ni yuleyule, bunduki ni ileile, upepo ni uleule.

Bila shaka mlengaji hodari hutazama bendera za upepo na kurekebisha. Lakini hakuna anayeusoma upepo bila kukosea kabisa. Umbo zuri halimpi mtu macho mapya. Humpunguzia adhabu ya kosa lake.

PIA NA MKUKI

Sasa tuje kwenye jambo linalonifurahisha kuliko yote. Ukitazama mkuki wa Julius Yego, yule bingwa wetu aliyeurusha mita 92.72 na kushinda ubingwa wa dunia Beijing mwaka wa 2015, utaona kwamba umeundwa ili uzani wake utangulie. Ndiyo maana huinama na kutua kwa ncha. Mshale vilevile: chuma mbele, manyoya nyuma. Hewa yenyewe huunyoosha.

Kichwa cha risasi ni kinyume. Omo yake ni nyembamba, kwa hiyo ni nyepesi. Uzani mwingi uko nyuma. Hewa inaposukuma omo, inataka kukipindua kama mtu anayesukuma juu ya mtungi mrefu. Kikiachwa hivyo kitabiringika hewani kama jongoo aliyerushwa, na shabaha hutaiona.

Dawa yake tunaijua tangu utotoni. Pia ikisimamishwa bila kuzungushwa huanguka. Ikizungushwa kwa kasi husimama wima kwa ncha yake, na hata ukiigusa hukataa kuanguka. Basi ndani ya mtutu kuna mifereji iliyopindwa kama parafujo. Koti la shaba hushikwa na mifereji hiyo, na kichwa hutoka kikizunguka kama pia.

Kizunguke kiasi gani? Mwaka wa 1879 Mwingereza George Greenhill alitoa kanuni fupi. Chukua upana wa kichwa, uzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa 150, halafu ugawe kwa urefu wa kichwa. Jibu ni umbali ambao kichwa kinatakiwa kumaliza mzunguko mmoja. Kichwa kimoja kinachotumika sana katika mchezo huu kina upana wa milimita 7.8 na urefu wa kama milimita 31. Saba nukta nane mara saba nukta nane ni 60.84, mara 150 ni 9,126, gawa kwa 31, unapata milimita 294. Yaani karibu sawa na rula yako ya sentimita 30! Kila kinapokwenda urefu wa rula moja, kinazunguka mara moja. Kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde, hiyo ni mizunguko zaidi ya 2,600 katika sekunde moja. Ajabu!

Angalia tena kanuni hiyo. Kichwa kikirefuka, jibu hupungua, yaani kinahitaji mzunguko wa haraka zaidi. Kwa hiyo mwenye kuunda risasi hawezi kununua kichwa kirefu chembamba kwa sababu tu kinapendeza. Sharti kioane na mtutu wake. Asipofanya hivyo, karatasi itapigwa ubavu, itoboke tundu refu badala ya duara.

NGAMANI KUNA NINI?

Ukizungusha kitu mara 2,600 kwa sekunde, kasoro ndogo huwa kubwa. Tuseme koti la shaba ni nene upande mmoja kuliko mwingine, hata uzani usiwe katikati kabisa bali pembeni kwa milimita 0.01. Hiyo ni kama sehemu ya kumi ya unene wa karatasi ya daftari. Ndani ya mtutu kichwa hakina pa kwenda, kinalazimika kuzunguka. Kinapotoka, uzani ule ulio pembeni hutupwa upande mmoja, kama jiwe linavyotoka katika kombeo.

Kasi ya kutupwa ni 6.28 × mita 0.00001 × 2,667, ambayo ni karibu mita 0.17 kwa sekunde. Safari ya mita 100 huchukua sekunde 0.125 hivi. Zidisha, utapata kama sentimita 2. Sehemu ya kumi ya karatasi imeleta sentimita mbili nzima! Mtu anayeshindana kwa milimita hawezi kuvumilia hilo. Ndiyo sababu vichwa vya mashindano huwa na koti lililopimwa kwa makini mno, na ndiyo sababu ni ghali.

Tena kuna funzo la ziada. Kadiri kichwa kinavyozungushwa zaidi, ndivyo kasoro hii inavyokuzwa. Kwa hiyo mzunguko ukiwa mdogo mno ni balaa, na ukizidi mno si faida.

KITAKO NDICHO HUAGA

Kulikuwa na daktari mmoja wa Marekani, Franklin Mann, aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kufyatua risasi na kupima zilikopiga. Mwaka wa 1909 alichapisha kitabu juu ya majaribio yake. Aliharibu makusudi ncha za vichwa vingine, na vingine akaviharibu kitako. Ungetarajia nini? Mimi ningeapa kwamba ncha ndiyo muhimu, maana ndiyo hutangulia. Wapi! Ncha iliyoharibika haikuleta madhara makubwa. Kitako kilichoharibika kilivitawanya vichwa ovyo.

Sababu yake ni hii. Kitako ndicho cha mwisho kuuaga mtutu. Wakati huo hewa moto yenye nguvu nyingi inatoka nyuma yake. Kitako kikiwa sawa pande zote, hewa hutoka sawa pande zote. Kikiwa na jeraha upande mmoja, hewa hutangulia kutoka hapo na kukipiga kichwa teke kikiwa mlangoni.

Hii inaeleza jambo ambalo lingekushangaza ukiviona vichwa vya mashindano. Vingi vina kitundu kidogo nchani! Risasi za kawaida za askari hutiwa koti kutoka mbele, kwa hiyo ncha imefungwa na kitako ndicho kilichobaki wazi, madini yakionekana. Vya mashindano hufanywa kinyume: koti hufungwa nyuma, kitako kikawa laini na sawa kabisa, na mwanya unaobaki huwa nchani. Fundi amechagua kasoro iende mahali isipodhuru. Huo ndio ufundi.

KILA NDEGE HURUKA KWA UBAWA WAKE

Baada ya kusoma haya, unaweza kudhani kichwa chenye ncha kali na tezi ndefu ndicho bora siku zote. La hasha! Kuna mchezo wa kulenga kutoka mezani, yadi 100 na 200, ambapo mshindi ni yule ambaye risasi zake tano zimekaribiana zaidi. Mwaka wa 1975 Wamarekani wawili, Palmisano na Pindell, walitoa risasi iitwayo 6 PPC ambayo iliutawala mchezo huo. Vichwa vyake ni vifupi, vina uzani wa gramu nne na ushei tu, na wengi hutumia vyenye kitako bapa! Kwa umbali mfupi hewa haijapata muda wa kuiba mwendo, kwa hiyo tezi iliyopunguzwa haina faida kubwa. Kitako bapa ni rahisi kukifanya kikamilifu. Na kwa kuwa kichwa ni kifupi, mtutu hukizungusha polepole, kama mara moja kwa inchi 14, kwa hiyo kasoro ya uzani haikuzwi sana. Umeona jinsi mambo yanavyoshikana?

Mfano mwingine. Kampuni ya Sierra ya Marekani ilitoa kichwa cha gramu 10.9 mwaka wa 1959 kwa ajili ya mashindano ya mita 300. Kilisifika sana. Lakini watu walipokipeleka yadi 1,000 kwa bunduki za kadiri hiyo, kilianza kuyumba kinapokaribia mwisho. Tezi yake imepunguzwa kwa pembe kali ya digrii 13. Kinaposhuka kuelekea kasi ya sauti, hewa kwenye tezi hiyo hufanya vurugu na kukitikisa. Ndugu yake wa gramu 11.3 ana tezi ya digrii 9, na huvuka mpaka huo wa sauti kwa utulivu zaidi. Digrii nne tu!

Hata mkunjo wa omo una tabia yake. Kuna omo ambayo mkunjo wake huungana na mwili pole pole, bila kona. Hii ni mpole: hata ikikazwa mbele au nyuma kidogo katika ganda, hailalamiki. Kuna nyingine, hasa zile ndefu nyembamba za kupunguza ukinzani wa hewa zilizobuniwa na William Davis miaka ya 1980, ambayo mkunjo wake hukutana na mwili kwa kona ndogo. Hii hupasua hewa vizuri zaidi lakini ni yenye maringo. Kichwa kinapotoka katika ganda huruka mwanya mdogo kabla ya kushikwa na mifereji. Mwanya usipokipendeza, huingia kikiwa kimeinama, na kuinama huko hakuponi. Muundaji hulazimika kujaribu mwanya baada ya mwanya, kwa subira. Tena kwa hadhari, maana kichwa kikigusa mifereji kabla ya kuondoka, shinikizo hupanda. Wenye mchezo huu hufuata vitabu vya watengenezaji neno kwa neno. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na hapa anaweza kupoteza hata macho.

UZURI ULIOPITA KIASI

Nimeacha kwa makusudi kisa kizito hadi sasa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, jeshi la Marekani liligundua kwamba risasi yake ya mwaka wa 1906, yenye kitako bapa, hufika yadi 3,400 hivi tu. Mwaka wa 1926 likachukua risasi mpya, kichwa cha gramu 11 chenye tezi iliyopunguzwa. Ilisafiri kama yadi 5,500, yaani kilomita tano! Ilikuwa sahihi na ya kupendeza. Lakini viwanja vya mazoezi vilikuwa vimepimwa kwa risasi ya zamani. Risasi mpya ikipita juu ya shabaha iliweza kuvuka mpaka wa kiwanja na kuwafuata raia mashambani. Kufikia mwaka wa 1940 jeshi lilikuwa limerudi kwenye kitako bapa. Waliacha kilicho bora kwa sababu ya jirani. Wenzetu wa mkuki nao walifanya hivyo: Uwe Hohn alipofika mita 104.80 mwaka wa 1984, kiwanja kilikaribia kuwa kidogo, na mwaka wa 1986 mkuki ulibadilishwa, uzani ukasogezwa mbele ili utue mapema.

Kisa hiki kilinigusa kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani kwetu miaka miwili iliyopita. Usiku mmoja wa mvua, bati la jiko la jirani lilitobolewa. Asubuhi kikaokotwa kipande cha shaba kilichopindika. Hakuna aliyesikia mlio wa bunduki. Watu wakaanza minong'ono: kitu kinachotoka juu bila sauti si cha kawaida. Kuna mama mjane anayeishi peke yake karibu hapo, na kwa wiki kadhaa watoto walikatazwa hata kupita mlangoni pake. Sitasahau jinsi alivyokuwa akisalimu watu nao wakitazama kando.

Niliposoma kwamba kichwa cha risasi kinaweza kutoka kilomita tatu au nne, mbali kabisa na masikio ya mtu, hasa mvua ikiwa inapiga mabati, niliwachorea mama na baba kwenye daftari. Baba alinyamaza sana. Kisha akasema, "Kwa hivyo aliyepiga huenda hata hajui alikopiga." Jioni ile mama alipeleka unga kwa yule mjane na kuketi naye. Wengine wakafuata, pole pole.

Kwa hiyo wale wanaosema maarifa haya ni ya majambazi, nawajibu hivi: jambazi hahitaji kujua kanuni ya Greenhill. Anayehitaji kujua ni sisi tunaoishi chini ya mabati. Anayefyatua hewani kwa furaha ya harusi au kutisha mwizi ajue kwamba kilichopanda kitashuka, na hajui ni kwa nani. Hapa kwetu bunduki na risasi zina sheria yake, Sura ya 114, na bila kibali kushika hata risasi moja ni hatia. Ukiokota risasi usiichezee wala kuigonga kwa jiwe. Usiiguse, mwite mtu mzima, naye apige ripoti kituoni.

Nanyi magwiji wa Kidato cha Nne, nimesema omo, tezi, ngama, pia, kombeo, mfereji na kitako, na hesabu zimetoka. Kama kuna hatua isiyoeleweka, nitafuteni kwenye maktaba saa ya chakula cha mchana nikiwa na rula na daftari, tuirudie pamoja. Kiswahili hakikosi maneno. Sisi ndio tunaokosa kuyatafuta. Kalamu yangu naiweka chini hapa.